Ukingo wa Krauni

Duka lile lilikuwa na desturi yake: sarafu ikishawekwa mezani, geti la nondo la chumba cha nyuma linapigwa kufuli, na mtu hatoki mpaka ijulikane sarafu ni ya nani. Waliwahi kupoteza moja, ikayeyukia kwenye mkono wa shati la mteja, wakatafuta mpaka ndani ya birika la chai, wapi! Tangu hapo ufunguo anakaa nao binti, kule mbele kwenye kaunta, ameuning'iniza shingoni. Ukimtania kwamba amekuwa askari jela, anakujibu, "Mfungwa gani huyo anayeletewa chai na sukari?"

Mfungwa mwenyewe ni baba yake mzazi, mzee waliyemwita Lenzi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukagua sarafu za zamani za Kiingereza. Mwenye duka ni mkwe wake, mume wa binti, na huyo kwa mdomo, we mwache tu, angekuuzia hata kivuli chako. Ila sarafu hazijui. Hanunui kitu mpaka mzee aitikie kwa kichwa.

Sasa sikia. Mzee alikuwa haoni. Yaani mlango anauona, mtu kasimama anamwona umbo lake, lakini kitu kidogo mkononi kwake ni ukungu mtupu. Ile lenzi yake ya kukuzia anaibandika jichoni, anaguna, mambo ya mazoea hayo. Kazi yote anafanya kidole gumba. Sarafu nzuri haiguswi usoni, inashikwa ukingoni, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona anaizungusha polepole. Zile za prufu, zinazopigwa kwa uangalifu ili zitunzwe, si za kwenda kununulia mkate, ukingo wake una kona kali. Za kawaida kona zimelegea. Gumba halijawahi kumwangusha.

Mbona hakusema? Aseme halafu iweje? Anakaa kwa mkwe, bwana. Kukaa kwa mkwe huna kazi, hata kukohoa unakohoa kwa adabu.

Siku hiyo akaja muuzaji mmoja ananukia marashi, ana krauni ya 1935, ile sarafu kubwa ya fedha yenye mpanda farasi anayemuua joka, farasi amekakamaa kama wa kuchezea watoto. Za kawaida zimejaa tele. Lakini ipo prufu yake, adimu hiyo, maandishi ya ukingoni yamevimba badala ya kuzama. Muuzaji aliapa yake ndiyo hiyo. Ili apate hela yake, mkwe alishauza kiwanja ambacho binti aliachiwa na marehemu mama yake. Binti alikubali kwa sharti moja tu: "Mradi baba ataiangalia."

Geti likafungwa, kwachu. Mzee akanyoosha mkono. Akawekewa kitu kipana, kinateleza.

Plastiki.

Akakigeuza. Plastiki juu, plastiki chini, imegandishwa kwa gundi, na ndani mpira umezunguka ukingo wote. Gumba halina pa kupita.

"Ifungue," akasema.

"Mzee wangu, nikuvulie na shati?" muuzaji akacheka. "Hii ukiipumulia tu, mng'ao wake wa kioo umekufa. Nunua, halafu fungua ulale nayo."

"Anayeficha ukingo ana sababu yake. Fungua, au nenda nayo."

"Haya, naenda nayo. Kuna mtu ananisubiri."

Kiti kikakwaruza sakafu. Mkwe akaruka. "Kaa, kaa kaka! Baba, usituharibie. Si wewe husema uso peke yake unakutosha? Angalia uso basi."

Kweli alisema. Alijigamba mbele ya wageni, na sasa maneno yake mwenyewe yamemgeukia. Akabandika lenzi. Mbele yake palikuwa na weupe, kama maziwa. Aseme ndiyo? Aseme hapana? Angepata kisingizio cha haja ndogo angetoka, lakini sarafu iko mezani, hatoki mtu. Na kule nje ya nondo binti anasikiliza.

Mzee akashusha lenzi.

"Mwanangu, mimi sioni. Macho yamekwisha zamani. Usinunue."

Kiti cha muuzaji kikakwaruza tena. Halafu mkwe akaangua kicheko, akapiga meza. "Umemsikia mzee? Huyu kwa kushusha bei hana mpinzani! Juzi alijifanya amezimia!"

Ni kweli, alijifanya.

"Sitanii, baba'angu. Wallahi sioni."

"Haya, haya, mzee umeshinda," muuzaji akasema, kwa haraka kidogo. "Napunguza."

Wakapeana mikono juu ya kichwa chake, utadhani yeye ni stuli. Bahasha ikapita, geti likafunguliwa, marashi yakatoka, geti likafungwa. Mkwe anapiga mluzi, akaibandua plastiki kwa bisibisi, akamwekea mzee krauni kiganjani kama zawadi ya harusi.

Gumba likazunguka. Herufi zilikuwa vishimo. Akazunguka tena. Vishimo, vishimo mpaka mwisho.

"Baba?" binti akaita.

"Yamezama, mama. Ni ya kawaida."

"Anaanza tena huyu," mkwe akasema, lakini alishaichukua, na ukucha wake ukanasa palepale kwenye vishimo. Mluzi ukakatika. Akamsogezea mzee vidole usoni. "Vingapi?"

Mzee aliona giza limepita tu. "Sijui."

"Fungua!" mkwe akalirukia geti. "Fungua nimuwahi!"

Ufunguo ukagongagonga kwenye kufuli, geti likabamizwa, miguu ikapotelea barabarani. Mzee hakuinuka.

"Tangu lini, baba?" sauti ya binti ilikuwa karibu, ndogo.

Akamtafuta uso ili amjibu. Mlangoni palikuwa na rangi ya gauni lake tu, na hakuweza kujua kama amemwelekea au amempa mgongo.