Milimita Nne za Kiwiko

Kitu cha kwanza alichokiona mfagiaji kilikuwa kidogo: mkono uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta haukunyooka mpaka mwisho. Ulikuwa mkono wa roboti, wa rangi ya majivu, na mchoraji wa mitambo alikuwa ameshauvuta mara tatu kwa kipanya. Kila mara uliishia pale pale, kiwiko kimepinda kwenda nje kama mpini wa sufuria iliyoanguka.

Mpini wa sufuria ni maneno ya dada yake. Ndivyo alivyouita mkono wa kulia wa mfagiaji tangu plasta ilipotolewa, kila alipomwona akihangaika kumfunga mtoto mgongoni.

Mfagiaji alifuta meza ya pili. Mkono wa kwenye kioo nao ukafuta hewa, kulia, kushoto.

"Dada, hebu tulia kidogo," mchoraji alisema bila kugeuka. "Nafunga bega."

Akatulia. Bega likafungika.

Wiki mbili nyuma, kampuni ilipotaka roboti ya kushusha maboksi ghalani, mchoraji alihitaji vipimo vya mkono wa mtu, na aliyekuwa karibu ni mfagiaji na ndoo yake. Alimpitishia kifaa cha kupimia kuanzia begani hadi vidoleni. Hakumuuliza kama mkono ni mzima, naye akaona haya kusema. Tangu hapo akijikuna sikio, mkono wa kwenye kioo unakuna. Wachoraji walilalamika mara moja tu, kwamba anakamua tambara wakati watu wako kazini.

Tatizo lilikuwa kiwiko. Katika programu ile, kipande cha kwanza hukazwa mahali pake kisielee, na vingine hufungwa juu yake, pini kwa tundu, matundu yote yakae mstari mmoja. Mchoraji alifunga, yakatokea maandishi mekundu. Akafungua vifungo vyote, akalikaza bega upya, akafunga mkono wa juu, ukakubali. Akafunga wa chini, mekundu tena.

"Matundu yamepishana milimita nne," alisema. "Huu mkono una kiburi kuliko mwenyewe!"

Wenzake wakacheka. Mfagiaji naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Kando ya kioo palikuwa na orodha ya hatua zote ambazo kipande kimepitia, za zamani juu, za karibuni chini, na mstari wa kuvuta kurudi nyuma. Mchoraji akauvuta juu kabisa. Mkono wa kwenye kioo ukanyooka kama rula. Wa mfagiaji pia ukanyooka, ndani ya sare, bila maumivu. Akaishika ndoo iliyojaa kwa mkono ule, akainyanyua hadi kifuani, akaishusha taratibu maji yasimwagike. Miezi kumi alikuwa hajafanya hivyo.

Mstari ukashuka hatua moja moja, na hatua zilikuwa za maisha ya mfagiaji. Kuacha shule, darasa la tano. Kuchota maji. Kubeba mtoto wa dada. Ufagio. Kisha: ghalani, Jumanne, saa nne asubuhi, kabati la chuma lisilokazwa ukutani. Mstari ulipoipita hatua hiyo, viwiko vyote viwili, cha kwenye kioo na chake, vikapinda, milimita nne kamili.

"Kumbe kabati," mchoraji akasema. "Sisi tuliambiwa uliteleza."

Ndivyo ilivyosema fomu. Msimamizi aliiandika mwenyewe: ameteleza nyumbani, bafuni. Mfagiaji alisoma mstari wa kwanza polepole, kwa midomo. Msimamizi akatazama saa, basi mfagiaji akatia sahihi. Bafu la kwao limemwagiwa kokoto. Ukitaka kuteleza humo itabidi ujifunze kwanza. Lakini kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, hata dada yake, ambaye bafu analijua. Daktari alisema mfupa unaweza kuvunjwa tena na kuungwa vizuri kabla haujatimiza mwaka, mradi kampuni iandike barua kwamba aliumia kazini, ili matibabu yalipiwe. Ilibaki miezi miwili.

Msimamizi akaitwa. Akaja na kikombe chake, akaisoma ile hatua, akapuliza chai.

"Roboti inatakiwa lini?"

"Ijumaa, bosi."

"Basi hiyo hatua izime."

"Nikiizima, na mkono wake huyu utanyooka," mchoraji akasema. "Imeungana."

Msimamizi akafikiri.

"Mkono ukinyooka leo, kesho watu watauliza ulipindwa na nini. Itenganishe mikono kwanza, halafu uizime hiyo hatua."

Mchoraji alimtazama mfagiaji, akakitazama kipanya. Mfagiaji alitazama sakafu.

"Utanisamehe, dada," mchoraji akasema, akaitenganisha mikono, akaizima ile hatua.

Maandishi mekundu yakawa ya kijani. Mkono wa kwenye kioo ukanyooka, ukainua boksi, ukazunguka. Wachoraji wakapiga makofi. Mfagiaji alijikuna sikio, na kwenye kioo hakuna kilichokuna. Akahamishia ndoo mkono wa kushoto.

Roboti ikaja ghalani. Ilishusha maboksi kutoka juu ya lile kabati la chuma, ambalo bado halikuwa limekazwa, na kila iliponyoosha mkono kabati lilitikisika kidogo. Mfagiaji alipiga deki chini yake. Barua haikuandikwa. Siku mfupa ulipotimiza mwaka na siku tatu, msimamizi alipita na kikombe chake, akaruka maji.

"Angalia usiteleze tena, binti," alisema, akacheka.

Kawaida angejibu, ndiyo bosi. Alisimamisha ufagio wa deki, akaushika kwa mikono yote miwili, ulionyooka na uliopinda.

"Sikuteleza," akasema. "Kabati lako liliniangukia."