Ardhi Isiyotumika

Mzee Maige alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kumsifia mtoto. Mnadani, kanisani, kwenye foleni ya kuuza pamba, ukikaa naye kidogo utaambiwa kwamba Constantine wake, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa babake mmoja baada ya mwingine, sasa ni daktari wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, tena si daktari wa sindano. "Ameitia mvua kwenye mashine," alikuwa akisema. "Mvua, majani, ng'ombe, watu, wote wamo humo." Watu wa Bariadi wana heshima mbele ya mzee, lakini akishageuka walicheka mpaka machozi. Ng'ombe ndani ya mashine! Wanakunya wapi?

Lakini mzee hakuwa anadanganya. Constantine alikuwa ametengeneza modeli ya kompyuta iliyobeba wilaya nzima. Kaya za kubuni zilikuwa na mashamba ya pamba na mahindi, na ng'ombe wa kubuni walikula majani ya kubuni. Ukibonyeza, mwaka unapita, mvua inanyesha au inagoma, ndama wanazaliwa au wanakufa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria kuingia. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee, na wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa vijijini na mizani yao. Wakubwa walitaka kujua mkulima afanye nini sasa. Modeli ilijibu bila kusita kwamba alime pamba zaidi, maana ardhi ipo.

Ardhi ipo! Jamani, hapo ndipo palipooza.

Usukumani mfugaji mwenye akili hawaachii ng'ombe malisho yote. Mvua zikianza, hufunga sehemu yake moja, nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, asiingie hata ndama. Hiyo ndiyo ngitili. Hufunguliwa kiangazi kikishakolea, nje kukiwa kumebaki vumbi na miiba. Sasa wakusanya takwimu wa Constantine walipita Bariadi mwezi wa tatu, ngitili zote zimefungwa, hakuna jembe wala kwato. Waliporudi, mwenzake wa ofisini, Selestini, alimuuliza, "Hizi ngitili tuziweke kundi gani?"

Na Constantine, aliyechunga humo tangu hajui kuvaa suruali, aliyewahi kuchapwa fimbo kwa kuingiza ndama kabla ya wakati, alijibu, "Weka kwenye ardhi isiyotumika kwanza. Tutarudi."

Modeli yake ilihesabu kwa mwaka, haikujua miezi. Kuifundisha miezi kungemlia muda, na wafadhili walikuwa wanakuja kuiona wiki ile ile. Basi wafadhili wakaja, wakapiga makofi, wakaondoka. Hakurudi.

Julai ya mwaka tisini na nne alikwenda nyumbani likizo. Alishuka treni Malampaka, akadandia lori lililokuwa likienda kuchukua pamba Bariadi, akafika kijijini amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwadila, baba," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Kaa, kaa."

Dada yake Nyanjige, aliyebaki akimtunza mzee tangu mama yao afariki, alikuwa amesonga ugali na kuchinja kuku. Jirani yao Jilala aliitwa aje ale, ingawa nyumbani kwake moshi ulikuwa ukifuka vilevile. Constantine hakujiuliza kwa nini ameitwa. Walipokwisha kunawa, mzee alijiweka sawa kwenye kigoda.

"Constantine," alisema, "wanunuzi wa mwaka huu wanalipa papo hapo. Mashamba yangu nimeyalima yote. Nimebakiwa na ngitili tu. Mashine yako inasemaje?"

Constantine aliinua macho. Ngitili yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba, nyasi zimesimama kufikia kiunoni. Alijua, sijui nisemeje, alijua kabisa. Lakini Jilala alikuwa amemkazia macho, na babake alikuwa ameanza kutabasamu kabla hata hajajibiwa. Mtu anawezaje kusema mbele ya jirani kwamba mashine iliyomlia baba ng'ombe wote wale haijui kiangazi?

"Inasema ilimwe, baba."

"Na kiangazi je?"

"Ukichukua mwaka mzima, majani yanatosha."

Mzee alimgeukia Jilala. "Umesikia?"

Jilala alisema amesikia. Akaaga, akaenda zake, na ya kwake hakuilima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mvua za vuli zilipoanza, mzee Maige aliwafunga maksai jembe akaipindua ngitili yote. Msimu ule, ukweli usemwe, pamba ilikubali. Alipaua nyumba kwa bati, akamnunulia Nyanjige cherehani, na sifa za mtoto zikazidi mpaka watu wakawa wanamkwepa njiani. Kiangazi kilikuwa kifupi, mabua ya mahindi yakawasukuma ng'ombe mpaka mvua. Constantine alipopata habari alipumua. Alijiambia kumbe hakukosea sana, na moyo ukakubali haraka kuliko ulivyostahili.

Mwaka uliofuata vuli haikuja. Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Pamba iliyopandwa ilichipua kidogo ikakauka. Wenye ngitili walizifungua wakawa wanawapimia ng'ombe wao nyasi kama mama anavyogawa uji wakati wa njaa. Mzee Maige hakuwa na cha kufungua. Hakwenda kwa Jilala kuomba, maana ng'ombe wa Jilala wenyewe walikuwa wakihesabika mbavu, halafu angeanzia wapi? Nyanjige alimtuma mtu aliyekuwa akisafiri Dar. Ujumbe ulikuwa mfupi: njoo umwone baba.

Constantine alifika Januari. Asubuhi aliwakuta babake na Nyanjige zizini wakimwinua ng'ombe, mmoja ameshika mkia, mwingine pembe, maana mnyama aliyelala akiwa dhaifu hivyo hasimami mwenyewe. Alitupa begi akashika ubavu, wakasukuma wote watatu. Ng'ombe alisimama akitetemeka, akapiga hatua, akaanguka tena. Mzee alimtazama kidogo, akaenda kumwinua mwingine.

Jioni mzee alisema anahama. Wasukuma wengi walikuwa wanaswaga mifugo kwenda kusini, Usangu, ambako walisikia kuna majani na maji. Wapwa zake wawili walikuwa wanaondoka, naye angefuatana nao na ng'ombe waliobaki. Nyanjige angelinda mji.

"Baba, kwa umri huu?" Constantine alisema. "Waache waende vijana."

"Ng'ombe wangu niwaachie nani?"

Hapo Constantine akashindwa kujizuia. Alilia, mtu mzima, mwenye miwani. "Nilikosea, baba. Si mashine. Mimi. Ngitili naijua toka utotoni, na nilijua nilipokuwa nakujibu."

Nyanjige aliacha kufunga mizigo.

"Na mimi naijua," mzee akasema. "Wewe nani alikufundisha? Nilijua nilipokuwa nakuuliza. Nilikuuliza mbele ya Jilala ili akusikie ukijibu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tulitaka sifa wote wawili, mwanangu. Ng'ombe ndio waliolipa."

Bora angemtukana. Constantine angejua la kufanya na tusi.

"Nieleze kitu kimoja," mzee akaendelea. "Humo kwenye mashine, mtu akiishiwa majani, inakuwaje?"

"Kaya yake tunaitoa, baba."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi mahali. Inatoka tu kwenye hesabu, ili zilizobaki ziendelee."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Haya. Mimi nakwenda Usangu." Alilitamka jina la mahali taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Usinitoe."

Constantine aliapa kwamba Pasaka angemfuata. Aliwasindikiza mpaka barabara kuu, akamshika mkono babake, na mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

Pasaka ilimkuta kazini. Alikuwa ameamua kuirekebisha modeli, na safari hii hakutaka njia ya mkato. Aliivunja akaijenga upya ihesabu kwa miezi, akaipa kila kaya ngitili yake, yenye wakati wa kufungwa na wakati wa kufunguliwa. Aliona hiyo ndiyo toba yenyewe, na kwamba angekwenda Usangu akiwa na kitu cha kumwonyesha mzee. Selestini alimwambia, "Nenda kamwone babako kwanza, kazi haikimbii." Akasema mwezi ujao. Mwezi ukaja na mwezi wake.

Siku Nyanjige alipopiga simu kutoka posta ya Bariadi, modeli ilikuwa inafanya kazi bila kasoro kwa mara ya kwanza. Kwenye kioo ilikuwa Oktoba, na kaya za kubuni zilikuwa zinafungua ngitili zao.

"Kaka, baba amefia Usangu," Nyanjige alisema. "Wamemzika hukohuko, wiki iliyopita. Wapwa zake wanasema kila lori likipita alikuwa anatoka nje kuangalia kama ni wewe."