Mwendo wa Cecilia

Haya aliniambia Prisca mwenyewe, mpangaji wangu hapa Kilakala, Jumatatu ya Pasaka tukichambua mchicha. Nayaandika taratibu, kama alivyoyasema.

Prisca anachora katuni zinazotembea. Alikuwa amemchora bibi yake, marehemu Cecilia, akishuka milima ya Mgeta yenye ukungu, tenga la njegere kichwani. Sura aliipata kwenye picha ya harusi, lakini mwendo haumo kwenye picha. Aliyebaki anaujua ni babu yake, mzee Stefano, na macho ya mzee ndiyo hayo yanakwisha. Moja limeshazima, la pili linafuata.

Basi akaenda dukani kwa Sufiani, mjini, kutafuta kompyuta ya kumpelekea babu mlimani, amsahihishie mwendo huo. Sufiani akamwekea laptop mbele.

"Dada, chukua hii. Inaingia kwenye begi, umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Hiyo ya mezani utaipandishaje mlimani?"

Laptop Prisca aliitamani siku nyingi. Akachomeka flashi, bibi akaanza kutembea. Kisha akaukunja mtandio wake, akajifunika macho, aone kama babu anavyoona.

Sufiani akacheka. "Unanunua kompyuta au unaolewa?"

Nyuma ya mtandio bibi akapotea, kama mtu aliyeingia kwenye ukungu. Prisca akachomeka flashi kwenye ile ya mezani, yenye kioo kipana. Bibi akatokea tena, mkubwa, khanga yake inang'aa, anashuka.

"Nifungie hii," Prisca akasema.

Gari lilipoishia, kule Mgeta, kioo akakizungushia blanketi akajitwika kichwani. Mama yake mdogo, Modesta, aliyekuja kumpokea, akabeba boksi lingine. Wanawake waliokuwa wanashusha karoti wakawapisha njia.

"Jamani, sisi tunashusha karoti, wenzetu wanapandisha televisheni!"

"Ni mama huyu," Modesta akawajibu. "Tunamrudisha nyumbani."

Wakacheka.

"Shikamoo, babu," Prisca akasema mlangoni.

"Marahaba, mke wangu. Ndiyo kabati langu hilo?"

Umeme haukuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kizingitini.

"Ile ndogo ingekuwa imeshawaka," Modesta akanong'ona.

Babu alikuwa ameketi ameelekea kile kioo cheusi, mikono magotini, kama yuko kanisani, na Prisca akaanza kuogopa kwamba amekosea.

Viazi vilikuwa vimeshaiva taa ilipowaka. Cecilia akashuka kiooni. Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Namwona. Lakini siye. Huyu anakimbilia soko. Cecilia penye utelezi alitanguliza vidole, kisigino baadaye, kama anaogopa kuamsha mtoto."

Prisca akafuta, akachora.

"Bado. Shingo hiyo! Alikuwa hageuzi shingo hata umwite."

"Wewe ulimwita?"

"Kila siku ya soko. Aligeuka mara moja tu, nikamwoa."

Akafuta tena, akachora tena. Ukungu ukaingia ndani polepole, hata isijulikane ni upi wa kwenye kioo na upi wa mlangoni.

"Hapo," mzee akasema. "Mwache apite."

Akaegemea kiti, akalala huku anatabasamu. Modesta akajinyoosha mkekani, naye akachukuliwa na usingizi. Prisca alibaki anamtazama bibi akitanguliza vidole, kisigino baadaye, mpaka kichwa chake kikashuka juu ya meza, naye akalala.