Kulaza Injini

"Laza, wifi! Laza!"

Nikainama mbele na kuikandamiza injini kwa kiganja cha kushoto, kama mtu anayelazimisha sanduku lililojaa nguo lifunge. Ilikuwa ya moto. Sikuachia.

Ile haikuwa pikipiki, wala haikuwa baiskeli tu. Marehemu baba mkwe, fundi baiskeli, alituachia. Injini yake, ndogo kama birika, ilikaa juu ya gurudumu la mbele, na chini yake palikuwa na kigurudumu cha jiwe. Ukiishusha kwa kishikio, kile kijiwe kinalisukuma tairi, unakwenda. Ukiiinua, umebaki na miguu yako. Ndiyo maana nyumbani kwetu maneno yalikwenda kinyume: kulaza ni kuondoka, kuinua ni kusimama. Jirani akisema mtoto wake amelala, mama mkwe anadakia, "Kafika wapi?" Anacheka mwenyewe.

Adui yake maji. Tairi likilowa, kijiwe kinateleza, injini inabaki na kelele za bure. Na siku ile mvua haikuwa na adabu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, amening'inia nyuma, anawahi kiwanda cha nguo ambako walikuwa wanaandika wasichana kazi. Lango likifungwa, basi tena. Angerudi kukaa nami dirishani, tunaangalia watu wanaokwenda kwao.

Mume wangu alikuwa mtu wa kutulia: kazi, kiti, redio, usingizi. Mimi nilikuwa nafagia ua uliokwisha fagiwa.

Tulifika mlinzi ameshika komeo.

"Wawili?" akauliza.

Wifi akanigeukia. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani, na macho yake yalikuwa yananiita.

"Yeye," nikasema. "Mimi wa injini."

Mlinzi akacheka, akampitisha. Lango likafungwa kwa kishindo. Nikasimama pale nikikitazama kiganja changu kilichoungua. Alama ingalipo, wajukuu wanadhani ni ya pasi.

Nikiwa narudi, jua likatoka. Tairi likakauka, na injini ikaingia kazini yenyewe, laini, bila kubembelezwa. Nikaiona nyumba yetu. Mama mkwe alikuwa barazani anakamua nguo.

"Inua!" akapaza sauti. "Inua, mwanangu, unapita!"

Nilimsikia vizuri sana. Kishikio kilikuwa karibu na mkono wangu kama kijiko na sahani. Nikapita nyumba yetu, nikapita duka la mwisho, nikapita pale lami inapokatikia, kwenye udongo mwekundu ambao sikuwahi kuukanyaga. Sikuwa nakwenda popote. Nilikwenda mpaka petroli ikaisha, ndipo nikageuka, nikaikokota.

"Ulikuwa wapi?" mama mkwe akauliza. Mume wangu alikuwa ameshafika, amekaa na redio yake.

"Injini ilikataa kuinuka, mama."

Akayatazama magurudumu, akautambua ule wekundu. Akanitazama mkono. Nikangoja.

"Injini za siku hizi kaidi," akamwambia mwanawe, akaingia ndani kuniletea maji ya baridi.

Asubuhi, mume wangu alipokwenda kazini, nilichukua ufagio. Mama mkwe akatoka chumbani amevaa viatu vyake vya safari, vile vya kwenye boksi, mkononi chupa ya petroli. Akaketi kiti cha nyuma, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele.

"Laza," akasema.