Mtambo wa Maua ya Mdanzi

"Zima huo moto, Mama!"

"Zima wewe, kama ubavu unao."

Fella hakuuzima. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuzima moto chini ya mtambo wa shaba kabla chupa ya kwanza haijajaa. Alibaki kasimama uani na funguo mkononi za nyumba mpya ya ghorofani waliyopewa na serikali, huku mama yake, Bi Khadudja, akikeneka marashi, akiyachemsha maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, na kuukusanya mvuke wake, kana kwamba hakufikiwa na mgeni.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu, ni korongo tu, na mto chini kabisa. Juzi mvua iling'oa jiwe la pembeni, na ilichukua muda kabla halijasikika likitua.

"Mwezi wa Ramadhani ufa ulikuwa wa kidole," Fella alisema. "Sasa unameza mkono. Unangoja umeze nini?"

"Nimeuona. Mimi si kipofu."

"Kule ghorofani kuna gesi, kuna maji ya moto..."

"Ya moto ya nini? Mimi nataka ya baridi!" Bi Khadudja aligonga bakuli lililo juu ya mtambo. "Maji ya hapa yakipata joto lazima yabadilishwe, la sivyo marashi yananuka moshi. Mara saba! Kule nani atanibadilishia? Jirani yule asiyeitikia salamu?"

Bi Zohor, jirani wa mlango wa pili wa ua, alitokea na ndoo bila kuitwa. Akachota maji ya moto, akamimina ya baridi.

"Ya nne hii," alisema. "Endeleeni kugombana, mmenoga."

"Bi Zohor, badala ya kunisaidia!"

"Nikusaidie kumfukuza shoga yangu? Halafu ndoo nimpelekee nani, paka?"

Bi Khadudja akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Fella aliyaona macho yake yakilengwa machozi. Wiki nzima alikuwa akibishana kuhusu ukuta, kumbe mama hakuujali ukuta. Alitazama mlango wa Bi Zohor. Ufa ulipita juu yake pia, lakini yeye hakuandikwa kwenye orodha ya kuhamishwa, kwa kuwa nyumba yake iliandikwa kwa jina la shemeji yake aliyeko Ufaransa.

"Bi Zohor, una mizigo mingi?"

"Godoro na nguo. Kwa nini?"

"Funga. Vyumba ni viwili."

Bi Khadudja akasema, "Anakoroma huyu."

"Nakoroma mimi? Na wewe unayegombana na marehemu mumeo usingizini?"

"Nendeni mkafunge mizigo, nyote wawili!" Fella akakunja mikono ya gauni, akaichukua ndoo. Maji ya tano aliyabadilisha yeye, na ya sita, na ya saba.

Chupa ilipojaa, walivuka korongo kwa daraja la waendao kwa miguu, ambalo hutikisika watu wakipishana. Fella alitangulia na godoro kichwani. Nyuma yake wazee walibeba mtambo uliofungwa blanketi, kila mmoja na mshikio wake, wakibishana nani anavuta.

Ng'ambo, dereva wa teksi alitoa macho. "Dada, uliniambia mzee mmoja!"

"Wameongezeka," Fella alisema. "Fungua buti."

Akafungua.