Marehemu Mwenye Mvi

Jumamosi asubuhi, katika chumba kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, fundi wa majokofu alivua shati, akampa mkewe alishike, akalala kifudifudi kwenye kitanda cha mchora tatuu. Nyuma ya bega alikuwa na uso wa mwanamke. Alitaka ufunikwe kwa simba.

"Simba hafai," mchoraji alisema huku akivaa glavu. "Rangi yake hafifu, na huyu ana nywele nyeusi. Ataonekana tu chini yake. Tuweke kunguru."

Mume hakupenda kubebeshwa kunguru, lakini cheusi hufunikwa kwa cheusi zaidi, ndivyo kazi ilivyo. Mkewe, fundi cherehani, aliketi kwenye stuli ya plastiki, shati mapajani, macho begani. Hakualikwa. Alikuja kwa sababu mwanamume aliyeishi na mchoro miaka yote hiyo haamki tu siku moja akauchoka.

Walipooana, uso ule ulikuwa wa msichana. Mume alisema ni dada yake, marehemu, aliyefariki angali mbichi. Mke akampa pole, akamheshimu wifi yake. Hata alipomsugua mume mgongo, pale alipita kwa upole. Lakini wifi alianza kunenepa mashavu. Akaota mikunjo chini ya macho. Kipindi kimoja alivimba uso kama wanavyovimba baadhi ya wajawazito, kisha akapungua, na mwaka huu zilichomoza mvi mbili tatu juu ya sikio. Mume alipoulizwa, alisema wino hupauka. Siku moja mezani mke alisema, bila kumtazama mtu, kwamba wafu hawaoti mvi. Wiki hiyohiyo mume akaanza kutafuta mchora tatuu.

Sindano ilipogusa paji, uso ulisogea. Uliteleza taratibu kuelekea mbavuni, ukajificha kwapani. Mchoraji alizima mashine, akafuta damu, akasema wa namna hiyo huwa wapo, wala si kosa la wino.

"Zungumza naye wewe," alimwambia mume. "Mimi hanijui."

Mume alimtazama mkewe, akatazama sakafu. Kisha akageuzia kichwa kwapani na kusema kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia hata wakati wa fungate:

"Mama watoto, tulia kidogo. Yataisha."

Uso ulirudi mahali pake, ukafumba macho. Mashine ikaendelea.

Mke alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Nyumbani kwao hapakuwa na mtoto. Kila alipotaja jambo hilo aliambiwa avute subira, maisha yakae sawa kwanza. Njiani kurudi, mume alieleza bila kuulizwa kwamba dada yake alipenda kulea watoto wa majirani, ndiyo asili ya lile jina. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu aliitembea hadi mlangoni. Mke aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kudhaniwa mjinga kiasi kile.

Mchoraji alikuwa ameagiza kidonda kipakwe mafuta asubuhi na jioni. Mkono wa mume haukufika. Alijinyonganyonga mbele ya kioo mpaka akachoka. Kazi ikawa ya mke. Mchana mmoja, mume alipopitiwa na usingizi baada ya kula, mke alipaka polepole, akamwinamia kunguru.

"Uko hai, dada?"

Kunguru aliinamisha kichwa.

"Watoto ni wake?"

Akainama tena.

"Huyo mdogo, alizaliwa kabla ya harusi yetu?"

Kunguru hakutikisika. Chini ya bawa lake ngozi ililowa. Mke aliifuta kwa pamba, kwa sababu kidonda kibichi hakitakiwi kulowa.

Alikusudia kusema. Alipanga maneno jioni ile, na kesho yake pia, yote makali. Lakini aliogopa kwamba mume angejibu, "Basi, nenda," naye hakuwa na pa kwenda.

Ikaja safari ya kazi, kwenda kufunga chumba cha baridi, kama zile nyingine zote. Mke alipiga pasi mashati, akaweka tyubu ya mafuta juu kabisa ya begi.

"Sasa huko nani atanipaka?" mume alilalamika.

"Atakayekuwepo."

Mume alicheka, akasema mkewe ana vituko.

Alirudi wiki iliyofuata, amechoka, na kitambaa cha zawadi. Alivua shati, akaketi ukingoni mwa kitanda, akageuza mgongo. Hapakuwa na gamba wala ukavu. Mafuta yalikuwa ya asubuhi ileile, yamepakwa mpaka nyuma kabisa ya bega, yakifuata kila unyoya kwa mkono usio na haraka.

"Kidonda kinaendeleaje?" mume aliuliza.

"Kinapona," mke alisema.

Akanawa mikono, akafungua tyubu, akaendelea pale mwenzake alipoishia.