Barabara ya Sebuleni kwa Mama Jeska

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Anisia alikuwa sebuleni kwake akichambua maharage kwenye ungo wakati lori la kwanza lilipopita. Liliingilia ukuta wa upande wa kabati, likakatiza chumba polepole kwa sababu lilikuwa limebeba saruji, likatokea ukuta wa upande wa dirisha. Kuta hazikupata ufa. Kalenda ya parokia ilitikisika kidogo. Anisia alipuliza vumbi lililotua kwenye maharage, akasogeza kigoda chake pembeni, akaendelea.

Alijua lilikotoka: kwenye barabara ambayo bado haijajengwa. Wiki tatu kabla, watu wa mipango miji walikuwa wamefika Kirambi, kituo kidogo chenye nyumba kama mia mbili kando ya njia ya Ryansoro, wakabandika ramani kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya nchi, mji ulikuwa unatanuka, na sasa zamu ilikuwa ya Kirambi. Bustani zilichorwa kwa kijani, maduka kwa zambarau, na barabara pana itakayoungana na ile ya Muyinga kwa mstari mwekundu. Mstari huo ulipita juu ya nyumba ya Anisia, katikati, baina ya chumba cha kulala na jiko.

Kufikia Ijumaa yalikuwa yanapita magari thelathini kwa siku, pikipiki zisizohesabika, na basi la saa tisa. Anisia alijifunza kutazama kushoto kwanza kabla ya kwenda kupakua chakula.

Jirani yake, Alnoor, alikuja kuona. Alikuwa Mhindi wa hapohapo Kirambi. Babu yake ndiye aliyefungua duka la misumari, mabati na rangi walilokuwa nalo mpaka leo, ukuta kwa ukuta na Anisia. Duka lake kwenye ramani lilikuwa limepakwa zambarau, kwa hiyo halikuguswa.

"Mama Jeska," alisema akiwa mlangoni, "mi nasikia iko magari inapita kwako."

"Yanapita, Papa Azmina. Karibu, kaa. Si hicho kiti, hicho kiko njiani."

Alnoor akakaa penye usalama. Likapita lori la mbao. Alilitazama mpaka likaisha.

"Hawapunguze vitesi, mwendo iko ileile," alisema. "Ile iko mbaya. We uko mtu muzima, utagongwa."

Jioni ile alimletea kopo la rangi nyeupe na brashi, naye mwenyewe akapiga magoti akamchorea mistari ya pundamilia kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa jikoni. Madereva wengi waliiheshimu. Wa pikipiki hapana.

Nyumba hiyo ilijengwa na Kastori, marehemu mume wa Anisia. Anisia alizaliwa Butihinda, mkoani Muyinga, akakimbiziwa Tanzania mgongoni mwa mama yake, akakulia Tabora, akaolewa hukohuko na Kastori, akamzaa Jeska, ambaye sasa ana familia yake Kasulu. Waliporudi Burundi, walikuta shamba la baba yake lina watu wengine waliokuwa wamelilima miaka thelathini na tano. Lilikatwa nusu kwa nusu. Nusu iliyorudi haikutosha watu wawili, Anisia akamwachia kaka yake Kasiano. Yeye na mumewe wakaja Kirambi, wakapata kiwanja chenye karatasi na mhuri, Kastori akachoma matofali kwa mikono yake. Alikufa mwaka ule mabati yalipoisha kupigiliwa. Anisia alikuwa ameshakaa sehemu tatu maishani, na hii tu ndiyo ambayo hakuna aliyemwambia ni ya mtu mwingine.

Dereva wa basi la saa tisa aliitwa Othmani. Baada ya siku kadhaa alianza kusimama kwenye mistari na kuomba maji, kwa sababu njia ya Muyinga ilikuwa na joto. Anisia alimpa kwenye kikombe cha plastiki.

"Huko kwenu mbele, hapa pakoje?" alimuuliza siku moja.

"Hapa? Ni pazuri, mama. Iko taa barabarani mpaka chini. Iko miti wamepanda."

"Na waliokuwa wanakaa?"

Othmani alifikiri kwa uaminifu, kikombe mkononi. Abiria nyuma yake walikuwa wakimenya machungwa.

"Ile sijui, mama. Mi nilipoanza kazi, nilikuta barabara iko."

Akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka kupitia dirishani. Siku hiyo Anisia hakula chakula cha jioni.

Kesho yake alimweleza Alnoor, na Alnoor akaeleza dukani, na habari ikafika kanisani na msikitini. Watu wa Kirambi hawakuwa wagomvi. Lakini waliona si sawa watu wa siku za mbele wasijue kwamba palikuwa na nyumba. Ilikubaliwa kwamba Alhamisi wote wakae sebuleni kwa Mama Jeska, juu ya barabara, na wasitoke mpaka ofisi ya mipango ije kuwasikiliza.

Walikuja watu arobaini na tatu. Walileta mikeka. Raissa, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika majina yao kwenye daftari ili yapelekwe ofisini. Saa sita magari yakaanza kusimama. Kwanza yalipiga honi, kisha yakazima injini. Foleni ilijaza upande wa kabati, ikatoka nje ya ukuta, haikuonekana mwisho wake.

Saa nane simu ya Anisia ikalia. Alikuwa Kasiano, kutoka Butihinda.

"Dada, huko Gitega kuna nini? Kuna magari yamesimama kwenye mihogo yangu tangu mchana. Wanasema mbele kumefungwa."

"Ni mimi, kaka. Tumekaa."

"Basi kaeni," akasema Kasiano. "Nitawapa watu hawa kivuli."

Walikaa. Wanawake waligawa ndizi na maharage kwa waliokaa na kwa waliosimamishwa, maana njaa haina upande. Saa kumi hivi, ambulansi ikapenya kwenye foleni mpaka kwenye mistari ya pundamilia. Muuguzi akashusha kioo. Nyuma yake alisikika mwanamke akilia kwa uchungu wa uzazi, sauti nyembamba ya mtu aliyekwishachoka.

"Mama zangu," alisema muuguzi, "mtoto anatanguliza miguu. Tunawahi Gitega."

Watu wote walimtazama Anisia. Alikuwa amekaa katikati, mgongo wima. Alimsikiliza yule mwanamke ambaye labda bado hajazaliwa mwenyewe.

"Pisheni," alisema, akawa wa kwanza kusimama.

Mikeka ikakunjwa. Ambulansi ikapita, na nyuma yake yakapita mengine yote, moja baada ya jingine, kwa sababu mikeka ilikuwa imeshakunjwa. Yalikuwa bado yanapita jua lilipozama. Hakuna aliyemlaumu Anisia, na Alnoor alibaki kumsaidia kuosha vikombe.

Ofisi ilipokea daftari, na wiki iliyofuata ikamtuma mtu. Aliitwa Urbano, kijana mpole mwenye viatu safi. Alisoma karatasi ya kiwanja, akaukagua mhuri, akasema ni halali. Kisha likapita lori la mafuta, upepo wake ukamtupia karatasi zake chini. Anisia alimsaidia kuziokota. Urbano akasubiri kwenye mistari, akavuka, akaandika kwa muda mrefu.

"Utaratibu uko hivi, mama," alisema. "Aliye kwenye barabara itakayojengwa, anapewa kiwanja kingine. Aliyejenga juu ya barabara inayotumika, anaondoka ndani ya siku thelathini."

"Nyumba ilitangulia, mwanangu."

"Naandika ninachokiona."

"Na mimi unaniona?"

"Nakuona, mama," alisema Urbano, na ilikuwa kweli, macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Lakini kwenye dosiye hii ninayoijaza hakuna mahali pa kuandika hilo."

Siku ya ishirini na tisa, Kirambi nzima ilikuja kung'oa milango na mabati, kwa utaratibu, bila kupinda msumari. Alnoor aliyahifadhi mabati kwenye stoo yake. Anisia alipanda basi la kawaida kwenda Muyinga na godoro lake, na kutoka mjini akachukua baiskeli mpaka Butihinda. Kasiano alimkatia kipande cha shamba upande usiopita magari. Kilikuwa kidogo, mtu angeweza kukivuka kwa hatua kumi na tisa.

Mwezi wa tatu tangu ahame, Alnoor alimpigia simu.

"Wamejenga?" aliuliza Anisia.

"Hakuna, Mama Jeska. Wanasema budget bado. Iko majani tu, na matofali ya marehemu."

"Na magari?"

"Inapita." Alnoor alikohoa. "Sasa inapita mbio. Hakuna mtu wa kungoja."

Anisia alimwambia asiache mabati yakanyeshewa, akamsalimia mke wake, akarudi kupalilia kabla jua halijawa kali.